Bati Linalotaka Kusubiriwa

Inatangazwa kwa wananchi wote, wenye magari na watembea kwa miguu, kwamba Karani Mstaafu, mtumishi wa umma aliyekaa nyuma ya dirisha moja mpaka kiti kikachukua umbo lake, ameamua kulifufua gari lake la ujanani. Shughuli inafanyika bandani, nyuma ya nyumba yake. Wenye pumu wakae mbali.

Gari lenyewe ni la enzi zile magari yalipokuwa na sura: taa mbili za mviringo zenye mshangao, na mdomo wa chuma uliojaa kiburi. Ndilo lililomleta mkewe nyumbani siku ya harusi. Tangu hapo kutu ilikuwa ikila kimyakimya, kama kamati, na ilipoumaliza mlango wa dereva upande wa chini ikaanza kuijadili sakafu.

Mkewe ni fundi cherehani. Cherehani iko chumbani, kati ya kitanda na kabati, na kila akishona pazia, mumewe analala amejifunika nusu yake. Alilitaka lile banda. Akatoa hukumu.

"Baba Watoto, Jumamosi kaka yangu anakuja na lori lake la vyuma chakavu. Huo mlango ukifunga, gari libaki, nami nitashonea chumbani mpaka nife. Usipofunga, anaondoka nalo."

"Lote?"

"Na huo usukani unaoukumbatia."

Karani akatafuta mashine ya kuchomelea, glavu za kufika kwenye viwiko, na ngao ya uso iliyomfanya afanane na mtu anayekwenda kuiba benki ya sayari nyingine. Akakikata kipande kilichooza, akakata bati jipya la ukubwa ule ule. Sasa, bati la bodi ya gari ni jembamba kama gazeti linaloandika ukweli mtupu. Sheria yake aliijua, tena alimhubiria kila aliyepita: unapiga nukta moja ya moto, unaiacha ipoe mpaka uweze kuiwekea kiganja, halafu unapiga nyingine mbali na hiyo. Ukichomelea mfululizo, joto linajazana na bati linajikunja.

Lakini watu wa ofisi huzijua sheria kwa ajili ya wengine.

Alipiga nukta ya kwanza, akaiona nzuri mno kuachwa peke yake. Akaipigia jirani, na jirani wa jirani, mwisho akawa anaburuta moto pembe hadi pembe kama mtu anayepiga pasi suruali huku basi linampigia honi. Bati likalia, likavimba, likatoboka tundu la kupita paka. Asubuhi paka wa jirani, kwa kuwa hana adabu, akalipima. Mlango nao ukakataa kufunga, ukabaki wazi kiasi cha ngumi, kitambi kikitazama nje.

"Mlango una mimba?" mkewe akauliza.

"Bati bovu."

"Bati bovu, au wewe huna subira?"

"Unapiga, unasubiri! Unapiga, unasubiri! Mtu mzima nisubiri bati?"

Mkewe akaweka mkasi chini.

"Wewe! Wewe uliyemwambia mjane arudi kesho mpaka akaolewa tena! Uliyewafungia watu dirisha ukanywe chai, wakiuona mvuke wa kikombe kupitia kioo! Leo bati linakwambia 'njoo kesho', umevimba kuliko lenyewe?"

Karani akaligeukia lile bati. Kisha uso wake ukapata nuru ambayo haikuonekana tangu siku alipopandishwa cheo.

Kesho yake aliling'oa bati lenye kitambi, akaweka jingine. Akavaa tai. Akakiburuta kile kiti chake cha ofisini, alichostaafu nacho, mpaka mbele ya mlango, akapiga nukta moja kushoto.

"Wewe kaa hapo. Wa upande wa pili!"

Akapiga ya kulia. Akavua ngao, akafunga banda, akaenda kunywa chai. Aliporudi akaigusa ile ya kushoto: bado ina joto. Akatikisa kichwa kwa ile huruma isiyo na msaada ambayo umma uliizoea.

"Mhusika hayupo," akaliambia bati, akaenda kusoma gazeti.

Banda likawa ofisi. Nukta moja, chai. Nukta moja, miayo. Nukta moja, kuulizia matokeo ya mpira. Ubaya wote uliowatoa wananchi machozi ukahamia kwenye bati, ukageuka ufundi. Na bati, kwa kuwa halina pa kwenda kulalamika, likatulia. Nukta zikakutana bila ugomvi. Akazisaga polepole, na msasa nao akaupa mapumziko yake.

Jumamosi shemeji akashuka kwenye lori, mnyororo begani.

"Shemeji, pole na msiba. Maiti ndiyo hii?"

Karani akausukuma mlango kwa kidole kimoja. Tap. Ukakaa sawa na ubavu wa gari, bila kitambi, bila ufa wa kupitisha wembe.

Mkewe akapitisha kiganja juu ya bati. Fundi wa mishono alitafuta mshono, asiuone, na kwa muda akaonekana kama anayetaka kukasirika. Kisha akazunguka upande wa abiria, akaingia, akakaa palepale alipokaa siku ya harusi, mkoba mapajani.

"Toa huo mnyororo wako," akamwambia kaka yake. "Huoni watu wanataka kutoka?"

Lori likaondoka tupu. Majirani wakajaa getini. Mkewe akanyoosha gauni, akatazama mbele.

"Haya, Baba Watoto. Washa twende."

Karani akainua boneti, akapachungulia mahali injini ilipotakiwa kuwa. Akaishusha taratibu.

"Njoo kesho."