Ruta Nyuma ya Sinia la Wageni

Nilikuwa kwenye duka moja la intaneti Kawangware mama mwenye ploti alipoingia, akatua mkoba wake juu ya kaunta kwa kishindo.

"Hii WiFi yenu inaniaibisha," alimwambia fundi, msichana aliyekuwa akikata nyaya. "Kompyuta ya gemu iko bedroom, mimi nachezea kwa TV ya sitting room, picha inapitia kwa WiFi. Nikipiga shuti, picha inaganda. Ikirudi, mpira uko kwa neti yangu! Jana mpangaji wangu alinifunga tano."

Fundi hakucheka. "Ruta, hako kasanduku ka WiFi, umeweka wapi, mathe?"

Mama akajinyoosha. "Mahali pa heshima. Ndani ya kabati ya vyombo vya wageni, nyuma ya sinia kubwa."

"Sinia ya chuma?"

"Sasa ya nini ingine?"

Fundi akaziba mdomo kwa kiganja, akasema maneno ambayo hakuna aliyeyasikia. Kisha akaondoa kiganja. "Umeona? Ruta yako inaongea hivyo. Itoe, uiweke juu, peupe. Halafu kompyuta uiunganishe na ruta kwa hii waya."

"Na wageni wakiona nyaya kila mahali?"

"Wataona ukiwafunga."

Mama alinunua waya, akatoka akitembea kama nahodha wa timu.

Nilicheka hadi nikafika kwangu mtaa wa Lindi, si mbali na hapo. Huko nikafungua kabati langu, nikaitoa ruta katikati ya sahani za wageni. Sahani zenyewe zinang'aa. Tangu nizinunue hazijaona ugali, wala mgeni.