Ndege Niliyemwandika Bila Kumuona

Mwaka wa kwanza niliandika ndege ishirini na tatu. Nilikuwa nimevunjika mguu, shuleni ninakofundisha nimepewa ruhusa, na dirisha la chumba chetu Ng'ambo linatazama mwarobaini wa jirani. Sikuwa na la kufanya ila kutazama nani anatua. Nikaanza kuwaandika kwenye daftari: tetere, shore, chozi, kunguru asiyekosekana. Mguu ulipopona nikaendelea, alfajiri kabla ya shule na Jumapili mashambani, hata Disemba ikaisha. Nikaiweka orodha yangu Facebook, na mahali nilipomuona kila ndege, nikaenda zangu kupika.

Niliporudi, simu ilikuwa haitulii. Watu hawakusifu tu, walibishana. Mtu wa Makunduchi akasema ndege fulani kwao haitwi hivyo. Mtumbatu mmoja akatukatalia sote wawili. Walioko Uarabuni wakaniuliza kama dudumizi bado analia mvua ikikaribia. Wiki nzima nilitembea kifua mbele.

Mwaka wa pili wasomaji wakapungua. Wa tatu, nilijua kabla sijaiweka kwamba orodha ile ile haitomshtua mtu. Ndipo nikamwandika ndege ambaye sikumuona.

Nilikuwa nimekwenda msitu wa Jozani, nikasikia sauti nzito juu ya miti, majani yakatikisika. Basi. Mlinzi wa msitu akaniambia huyo ni ndege wa kijani mwenye mabawa mekundu, adimu siku hizi. Mie nikaandika kwamba nimemuona. Nikaongeza kwamba alifungua bawa, likawaka kama kaa la moto. Orodha ile ilisambazwa kuliko ile ya kwanza.

Baada ya wiki mbili nikapata ujumbe wa sauti kutoka kwa bibi mmoja wa Kiwengwa, mkulima wa mwani. Alisema marehemu baba yake alikuwa akimsimulia habari za ndege huyo, naye kapita miaka sitini hajamtia machoni. "Mwalimu, nnakuja Jumapili. Nnataka unioneshe pale pale."

Ningeweza kusema naumwa. Nilikwenda. Nilimkuta langoni pa msitu amebeba mfuko wa maandazi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Haya, tangulia."

Tulizunguka tangu saa mbili mpaka saa tano. Kila jani likitikisika alinishika mkono, akabana pumzi. Tulipofika chini ya mti ule niliposikia sauti, akauliza, "Alikaa tawi lipi?"

Nikanyanyua kidole nimwoneshe, kikanishinda.

"Bibi, mie sikumuona. Nilisikia sauti tu."

"Na hilo bawa?"

"Nililitunga."

Akaketi juu ya gogo, akafungua mfuko, akala andazi moja taratibu bila kunikaribisha. Mwisho akasema, "Leo bamvua, maji yamekupwa mbali. Wenzangu wote wako pwani wanavuna mwani, mie niko huku na weye." Akajifuta mikono. "Basi mfute. Na useme kwa nini umemfuta, usimtoe kimya kimya."

Nilimfuta mchana ule ule, nimesimama kituoni nikingoja gari. Niliandika kwamba sikumuona, na kwamba habari ya bawa niliitunga mwenyewe. Majibu yalikuja haraka. Mmoja akauliza mwalimu mzima anafundisha nini watoto wa watu. Mwingine akasema pengine hata tetere nao ni wa kutunga. Uso ulinichoma, lakini sikumjibu mtu na sikufuta neno la mtu.

Mwaka uliofuata niliweka orodha tena. Waliojali walikuwa tisa. Mwaka wa baada yake wanne, na mmoja wao mume wangu. Mwalimu mwenzangu anayenitakia mema akaniambia, "Watu washachoka na ndege wako. Weka mapishi, utaona."

"Mapishi wanayo wengi," nikamwambia. "Hawa nisipowaandika mie, nani atawaandika?"

Kusema kweli, alishapatikana mwingine. Miezi mingi baada ya siku ile ya Jozani, bibi wa Kiwengwa alinitumia sauti ndefu: ndege wote aliowaona mwaka ule pwani kwao. Walikuwemo sululu wanaokuja kutoka mbali, na korongo anayesimama baina ya kamba za mwani. Hapendi kuandika, kwa hiyo naandika mie, namsomea, ananisahihisha. Kisha ananitaka nimsomee na yangu. "Huyo umemuona kweli, au umemdhania?" Mwaka wa kwanza wa kusomeana aliniuliza hivyo, nikawatoa wawili.

Sasa naweka orodha mbili pamoja, yake na yangu. Mwaka huu yangu imeshuka. Bonde la mpunga nilikozoea kuwaona yangeyange limejaa nyumba. Zamani ningeona haya kuonesha orodha fupi. Nimeiweka kama ilivyo, na penye jina la bonde nimeandika: nimekwenda mara sita, sikuona hata mmoja. Waliosoma hawazidi watatu. Mmoja aliuliza bonde hilo liko wapi, nikamwelekeza.

Daftari jipya nimeshalipigia mistari. Jumamosi bibi na mie tunakwenda Kizimbani, kwenye mikarafuu. Amenitaka niwahi.