Leo nimeupiga nyungu ukuta wa chumba cha mama

Fundi kaniambia tupake rangi juu ya uchafu. Nimekataa.

Jamani, nyumba ya mama huku Raskazone ina zile karatasi za ukutani za zamani, zenye vipelevipele, mpaka darini. Nyuma yake pameota ukungu mweusi, na mama ana pumu.

Fundi Shabani kakwangua asubuhi nzima, kapata kipande cha ukubwa wa kiganja.

"Dada, hizi zimeshaoana na ukuta. Tupake rangi, mama hataona."

"Kuona hataona, Shabani. Kupumua je?"

Bismillahi. Nikaingiza masufuria matatu ya maji yanayochemka, nikafunga madirisha, mlangoni nikatundika blanketi. Chumba kikafukizwa kama mtu mwenye homa.

"Kwani dada, ukuta una malaria?"

Nikasubiri mvuke ufanye kazi yake.

Nilipofungua, akatangulia kuingia. Karatasi ya dari ikashuka, ikamfunika yeye na kicheko chake.

(Nilicheka. Mungu anisamehe.)

Za ukutani zimetoka, imebaki nusu ya dari. Shabani anasema inatosha. Haitoshi. Nimeswali Alasiri, napanda mezani niendelee kubandua, na mama halali humu mpaka kipande cha mwisho kitoke.

Anayeona mwanamke wa umri wangu hafai kupanda meza, aandike hapa chini. Nitamsoma nikishuka.