Siku Niliyomkalia Mama Mkwe

Aibu hii nimeificha muda mrefu, lakini kwa kuwa majirani wa shemeji yangu Wafula, kule Tassia, wananitambua kwayo mpaka leo, heri niieleze mwenyewe kwa utaratibu, kama nielezavyo historia darasani.

Mama mkwe alikuwa ameletwa kwa Wafula kutoka Bungoma, na madaktari walikuwa wamegundua kwamba aota yake, yaani ule mshipa mkuu unaotoka moyoni na kupanda kifuani, imevimba. Wakataka kukata sehemu iliyovimba na kushonea bomba la kitambaa mahali pake, kabla haijapasuka na kumuua. Akakataa katakata. "Siumwi popote," alisema, "nifunguliwe kifua cha nini?" Ndipo Wafula, mwanawe, akanipigia simu: "Shem, wewe ni mwalimu. Kuja umweleze, sisi ametushinda."

Maneno matupu yangetosha. Lakini njiani nilimpitia fundi wa baiskeli, nikaazima pampu na tyubu kuukuu, nikaisugua kwa msasa mahali pamoja (kwa uangalifu mkubwa, nikijisifu moyoni) hadi ikawa nyembamba kama nilivyodhani ulivyo mshipa wa Mama.

Kwa Wafula tuliketi kidesturi: Mama kando ya mlango wa chumba cha kulala, mimi karibu na mlango wa nje, nikimpa mgongo, maana kwetu mtu hampi mama mkwe hata mkono, sembuse kumkaribia. Nikaanza kujaza upepo. Jua la alasiri lilipita kwenye pazia, na pale pembamba pakafura polepole, pakang'aa kama mwezi mdogo mweusi, nami nikasahau nilipo. Niliuona mto wa damu ukipanda, ukipinda juu ya moyo, ukishuka taratibu, na mimi nikielea juu yake, nikipampu na kusema, nikisema na kupampu.

"Baba Imani, imetosha!" mke wangu aliita kutoka jikoni.

"Bado kidogo tu."

Ikapasuka.

Niliruka kinyumenyume nikaangukia kitu laini. Mama, kwa hamu ya kuona, alikuwa amevuta kigoda mpaka nyuma yangu, na sasa nilikuwa nimemkalia mapajani. Mlango ukasukumwa; majirani, wakidhani mtungi wa gesi umelipuka, wakajaa pale.

"Woi! Si huyo ni mama mkwe wake?" mmoja akauliza.

"Na bado amekaa!" akajibu mwenzake.

(Nilikuwa bado nimekaa.)

Wafula aliniinua kwa kola. Mama alikuwa amefumba macho, kiganja kifuani, na kicheko kikakatika mlangoni, kwa kuwa sote tuliwaza jambo moja.

"Mama?" mke wangu akanong'ona.

Akafumbua macho, akaitazama ile tyubu iliyochanika. "Mwalimu, na huu wangu ukipasuka utalia hivyo?"

"Hapana, Mama," nilijibu, macho sakafuni. "Huo hautalia hata kidogo."

Akamgeukia mwanawe.

"Wafula, waambie madaktari nimekubali."

Alipasuliwa, akapona. Mimi nilitoa kondoo ili kuondoa aibu, kisha nikaenda kumwona wodini. Kabla sijavuka kizingiti alininyooshea kidole.

"Simama hapo hapo, Mwalimu. Mfukoni una nini?"

Nilikuwa na chaki tu, na tangu siku ile sijawaelezea watu jambo lolote kwa kitu kingine.