Visu Sita vya Kwenye Boksi

Mpini ulibaki mkono wa kulia. Kisu chenyewe kilikuwa mkono wa kushoto, kimeingia pale kidole gumba kinapoanzia, kimesimama wima. Sikusikia uchungu mara moja. Niliona tu sukuma wiki niliyoshika ikibadilika rangi, na mwanafunzi mmoja aliyekuwa akingoja chakula akaniambia, "Mathe, leo umetuwekea nyanya ya kutosha!" Wenzake wakacheka. Halafu mmoja akatazama vizuri, akapiga kelele.

Kisu hicho kilikuwa na siku nne tangu nikinunue.

Maisha yangu yote sikuwa nimewahi kujichagulia kisu. Kwetu Kiritiri mama alikuwa na kimoja tu, alichotengenezewa na fundi wa sokoni kutoka kwa springi ya lori. Kilikuwa cheusi, kibaya kwa macho, na alikitumia mpaka akafa. Nilipoolewa nilikuta cha mama mkwe. Baadaye nikaenda kufanya kazi ya maua Timau, miaka mingi ya baridi, na huko makasi unapewa asubuhi, jioni unarudisha. Kwa hivyo nilipofungua kibanda changu hapa Nchiru, cha kupikia wanafunzi, nilijiambia: sasa wewe mama nunua visu vyako, vipya, vinavyofanana.

Nilienda Meru mjini kwa duka moja la vyombo, kubwa, lenye vioo. Visu vilikuwa sita ndani ya boksi lenye dirisha la nailoni, vinang'aa kama vijiko vya harusi. Kila mpini ulikuwa na misumari mitatu, kama ile ya fundi inayopita ndani ya chuma. Nikamwomba mwenye duka nishike kimoja.

"Mama, hiyo ni seti. Hatufungui. Ukifungua umenunua."

"Sasa nitajuaje kama ni kigumu?"

"Si unaona misumari? Hivyo utawaachia wajukuu."

Mimi shule niliachia darasa la tano. Mtu wa duka la vioo akinipandishia sauti, huona aibu kubishana. Nilinunua bila kushika. Hilo ni kosa langu na nalikubali, lakini ni hilo moja tu.

Kwetu sukuma haikatwi juu ya ubao. Unakunja majani, unayabana kwa ngumi ya kushoto, unayakata hewani, kisu kikija kuelekea kidole gumba, nyembamba kama nyuzi. Nimekata hivyo tangu nikiwa msichana mdogo. Siku hiyo kisu kiligonga shina gumu, nikakaza kidogo, kikachomoka. Kile chuma kilichokuwa kimeingia ndani ya mpini kilikuwa kifupi kama kipande cha penseli, kimeshikwa na gundi. Misumari ilikuwa ya plastiki, ya urembo.

Hospitalini niliambiwa kamba ya ndani inayokunja kidole gumba imekatika. Walishona. Kidonda kilipona, kidole kikakataa kukunjika. Mpaka leo siwezi kubana fungu la sukuma. Natafuta mtu wa kunikatia, na siku nikimkosa, nawaambia wateja leo ni maharagwe.

Bandeji ikiwa bado mkononi, nilirudi kwa lile duka na mpini wangu na kisu changu ndani ya gazeti. Mwenye duka alivitazama bila kuvigusa.

"Ulikuwa unakata nini?"

"Sukuma."

"Juu ya ubao?"

"Kwa mkono."

Akacheka, akageukia wateja wengine. "Mnaona? Amejikata mwenyewe, sasa anatafuta wa kulaumu. Hivi ni visu vya ubao, mama."

Nikamwonyesha mlango wake. Hapo nje, hatua tatu kutoka kwa kizingiti, wanawake wawili walikuwa wameketi wakiwakatia watu sukuma, hewani, majani yakiangukia kwa mfuko wa nailoni. "Na wale?" nikamuuliza. "Na huyu mke wako, nyumbani hukukatia juu ya ubao?"

Mkewe alikuwa kwenye kaunta. Nafikiri aliona mkono wangu akanionea huruma, kwa maana alisema, "Lakini Baba, si hata yule mwalimu alirudisha chake mwaka jana, kimechomoka hivi hivi? Na yule wa hoteli?"

"Wewe nyamaza, uza."

Akageukia mteja. Nami nikakunja gazeti langu, kwa sababu nilikuwa nimesikia neno ambalo sikulitarajia. Nyuma yao maboksi yalikuwa yamepangwa mpaka juu, yale yale, yenye dirisha.

Sasa wewe mwenye duka, nakuuliza, na sitaki kujibiwa na mkeo. Mwalimu alikuletea kisu kimechomoka. Mwenye hoteli akakuletea kingine. Ulivishika kwa mkono wako, ukaona gundi. Kisha nikaingia mimi, nikaomba kushika kimoja tu, ukanikatalia, ukanionyesha misumari uliyojua ni ya uongo. Kwa nini uliniuzia? Na kwa nini bado unauza? Duka lako nalijua na saa unazofungua nazijua. Nitakuja kusimama hapo mlangoni, karibu na wale wanawake wa sukuma, mpaka unijibu wakisikia.