Macho ya Samaki wa Mama Mukubwa

Kazi yangu ni kuwachunguza samaki wa kufugwa, kuona kama wana virusi. Huku Kimemi ninakokaa, watu bado wanacheka wakisikia hivyo. Mama Mukubwa, dada ya mama yangu, hakucheka hata siku moja. Alikuwa na mabwawa ya tilapia kule Kalunguta, na kila jioni aliwapelekea samaki wake majani na mabaki ya bugali, akiwasemesha kwa Kinande kama wajukuu.

Siku moja akanipigia simu, sauti imemkauka.

"Mutoto yangu, samaki zinakufa. Macho imekuwa nyeupe sawa maziwa."

Nikapanda pikipiki mara moja. Niliwakuta samaki wanaelea pembeni mwa bwawa, wengine wana vidonda mgongoni. Ndizo dalili tulizofundishwa kuogopa. Kuna kirusi cha tilapia ambacho hakimdhuru mtu, lakini kinaweza kumaliza bwawa zima, na maji yakishuka kwa jirani, nacho kinashuka. Nikawapasua wachache, nikachukua vipande vya ubongo na ini, nikavitia katika vichupa vyenye dawa ya kuvihifadhi, vipelekwe maabara ya mbali.

"Sasa tufunge maji yanayotoka," nikamwambia. "Na hapana kupatia mutu batoto ya samaki mbele ya jibu kutoka."

Pasaka ilikaribia, na watu wa kanisani walikuwa wamekwisha kumwomba vifaranga vya samaki wa kufuga. Nilijua pia anachoogopa: samaki wa mtu wakifa ovyo, watu huanza kuulizana amefanya nini, au nani amemroga.

Jumapili, matangazo yalipofika, akasimama mwenyewe. Mimi niliyekaa kando yake sikuwa nimeambiwa kitu.

"Bandugu, samaki yangu iko mugonjwa. Tunangoja jibu. Mwenye kuwa na étang ya samaki chini ya yangu, afunge maji. Na mwenye kuona yake inakufa, asifiche."

Mama mmoja mwenye bwawa bondeni akamnong'oneza mwenzake, nami nikaona hasira inanipanda. Mama Mukubwa akaketi, akanishika mkono.

Jibu lilichelewa, lakini lilikuja: hakuna kirusi. Ni vijidudu vya maji machafu. Chakula kilichozidi kilikuwa kinaoza chini, na samaki wakaugua. Nikaenda mwenyewe kumwambia.

"Donc, basi ni miye niliziua na bugali?"

"Uliwashibisha kupita kiasi, Mama Mukubwa."

"Na niliambia kanisa muzima bure!"

Akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikalegea, halafu akalia kidogo, kisha akacheka tena. Mimi nilimkumbatia, sikujua kama ninamfariji au ninamshangilia.

Tulipokuwa tunatoa tope bwawani, yule mama wa bondeni akatokea, amebeba beseni lenye tilapia mmoja. Jicho la samaki lilikuwa na ukungu.

"Ya kwangu ilianza kufa tangu Noeli," akasema, akitazama chini. "Nilifichaka. Nilionaka haya. Kisha huyu mama akasimama kanisani."

Nikaenda kuleta vichupa vyangu. Mama Mukubwa alinawa mikono, akamvutia mgeni kiti kivulini, akalipokea beseni.

"Wasingya, dada. Ikala," akamshukuru kwa Kinande na kumkaribisha aketi. "Unazilishaka nini?"