Njia ya Gengeni na Baraza za Wakwe

Kitabu kilichonifundisha kutengeneza njia hakikuwa na jalada, na kiliandikwa kwa Kireno kwa ajili ya watu wanaoishi karibu na theluji. Nilipewa na mwalimu mmoja aliyehamishiwa kusini. Nilikuwa nimemtengenezea redio, yeye alikuwa anafunga mizigo, akaona heri anipe mimi kuliko kukibeba. Shule yangu iliishia darasa la saba, na tangu hapo nasoma chochote kinachonifikia. Redio, cherehani na pampu ya maji nimejifunza kwenye vitabu, vingine vikiwa vimeliwa na mchwa mpaka katikati ya maelezo. Hiki kilikuwa kizima, tena kina picha.

Mke wangu ndiye aliyezipenda picha. Alikaa nacho mlangoni akawatazama wale watu waliovaa kofia za sufu, kila mmoja na fimbo mbili, wakipanda mlima mweupe.

"Hawa wanakwenda kwa nani?" akauliza.

"Hawaendi kwa mtu. Wanakwenda kileleni."

"Huko kuna nini?"

"Hakuna kitu. Wanafika, wanatazama, wanashuka."

"Hata shangazi wa kumsalimia hayuko?"

"Hayuko."

Akakifunga kitabu taratibu. "Maskini," akasema. "Na baridi yote hiyo."

Mimi nilisoma maandishi. Kitabu kilieleza kwamba juu ya milima ile majani huota polepole mno, na yakikanyagwa nje ya njia kovu hubaki miaka. Kwa hiyo njia haijengwi ili mtembeaji apate raha. Inajengwa ili miguu yake ikae mahali pamoja, na mlima wote uliobaki upumzike. Hapo niliacha kusoma nikatoka nje kwenda kutazama genge letu, ule ukingo wa kushukia pwani.

Kijiji chetu kiko juu ya genge, upande wa pwani ya Olumbi. Chini kuna ufukwe na mwamba, na maji yakipwa wanawake hushuka kutafuta pweza na chaza. Katikati ni mteremko mrefu wa mchanga mwekundu, umeshikwa na ukoka na majani yanayotambaa tu. Ukiyang'oa, mchanga unaanza kumwagika kama gunia lililotoboka. Zamani palikuwa na njia moja. Tuliporudi kutoka tulikokimbilia wakati wa vita, njia ile ilikuwa imemezwa na vichaka, na kila nyumba ikashuka kwa njia yake. Mteremko ukajaa mistari. Mvua ikafuata mistari, mistari ikaungana, likawa korongo moja, nalo korongo likaanza kupanda kuja kijijini. Nyumba ya kwanza mbele yake ilikuwa ya mama mkwe wangu.

Kati ya jiko lake na mdomo wa korongo ungeweza kutandika mkeka mmoja, lakini mto wa kulalia ungeanguka.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo kwetu hakuna anayelieleza. Sisi mwanamume akioa huhamia upande wa mke, na yeye na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mwanamume hutoka njiani, humpa mgongo, mpaka mama apite. Kuzungumza wanazungumza, ila kupitia kwa mtu wa tatu, na mtu asipokuwepo hata kuku anafaa. Ni heshima, na mimi naiheshimu. Sasa nyumba yetu ina vyumba viwili na mlango mmoja.

"Jiko la mama likienda na maji," mke wangu akaniuliza, "atahamia wapi?"

"Kwetu," nikasema. Hakuwa na binti mwingine mwenye chumba cha ziada.

"Na mama hupenda kukaa mlangoni. Wewe utakuwa unatoka wapi?"

Nilikwenda nikapima dirisha. Mabega yangu hayakupita, hata kwa upande. Kesho yake nilichukua jembe nikaenda gengeni.

Nilifuata kitabu hatua kwa hatua. Sekretario wa kijiji aliniruhusu kwa sharti kwamba nisiombe chochote. Nilikata njia moja inayopanda kwa kukingama, isiyokwenda moja kwa moja, yenye kona, ili maji yasipate mahali pa kukimbilia. Kila baada ya kipande nililaza gogo kwa mshazari kuyatoa maji pembeni, kwenye ukoka. Mawe ya matumbawe nilipanga kingoni. Upana ulimtosha mtu mmoja na ndoo yake, kama kitabu kilivyoagiza, maana njia ikiwa pana hutanuka zaidi. Zile njia nyingine zote niliziziba kwa matawi ya miiba, na kitabu kilikuwa na picha nzuri ya jinsi ya kuyapanga.

Aliyenisaidia ni mwanyumba wangu, yaani mume wa mdogo wa mke wangu, mtu mkubwa wa mwili na mcheshi. Yeye anaishi chumba kimoja, kwa hiyo hofu ya mama mkwe kuhamia haikumfikia.

"Mimi nakusaidia kwa huruma," alisema akichimba. "Nakuona unavyotetemeka."

"Sitetemeki."

"Shemeji ameniambia ulipima dirisha."

Tulimaliza kabla ya bamvua, siku ambazo maji hupwa sana na wanawake wa kijiji kizima hushuka mwambani. Asubuhi ile nilikaa juu ya genge nikatazama. Wanawake walishuka kwa mstari mmoja, wakiimba na kuisifia njia, wengine wakinitania kwamba nimewafanya mchwa. Hakuna aliyekanyaga nje. Nilijisikia vizuri sana.

Kisha maji yakaanza kujaa, wanawake wakaanza kupanda, na wanaume waliokuwa wakienda kwenye mashua wakaanza kushuka.

Mwanyumba alikuwa wa kwanza, ana wavu begani. Kwenye kona ya pili akakutana na mama mkwe wetu, ndoo ya pweza kichwani. Kushoto miiba, kulia miiba. Nilimwona akisimama. Nilimwona akitazama huku na huku, akitafuta ile nafasi ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeiziba kwa uangalifu mkubwa. Halafu akaruka. Mtu mzima, na wavu wake, ndani ya miiba, akageuza mgongo humohumo akatulia.

Mama mkwe hakuharakisha. Alijifunika uso kwa kapulana, ile kanga aliyojitanda, na kusema kwa sauti ya kusikika mpaka nilipokaa: "Ndoo yangu, twende. Humu kwenye miiba naona kuna mbuzi amenasa, mwenyewe atakuja kumtoa."

Nyuma yake wanawake walicheka mpaka wengine wakatua ndoo. Lakini wao pia walikuwa na wakwe zao wanaoshuka, na kila mwanamume aliruka alipoweza. Jua lilipokuwa kali mteremko ulikuwa umepata mistari mipya, mingi kuliko niliyoiziba, na kila mstari ulikuwa wa adabu.

Nilirudi kwenye kitabu. Kilitaja sababu za watu kutoka njiani: tope, haraka, kutaka kutembea wawili wawili wakizungumza. Wakwe hawakutajwa. Labda kule milimani mtu huwaacha nyumbani.

Mwanyumba alikaa kwenye kinu uani kwetu, mke wangu akimtoa miiba mgongoni kwa sindano.

"Kitabu chako kinasemaje kuhusu hili?" akauliza.

"Hakisemi."

"Kipe muda. Au uandikie wenyewe. Waambie: kuna mnyama mnamsahau."

"Nani, mama mkwe?"

"Mimi! Aa, shemeji, taratibu, hiyo ni nyama!"

Jioni ile kuku wa mama mkwe alizungumzishwa. Nilikuwa napita nyuma ya ua wake kwenda kutazama korongo, nikamsikia akimwambia yule jike mwekundu aliyezoea kumfuata jikoni: "Kuku wangu, wewe una akili. Ukipita kwa hao wanaojenga, waambie njia haina shida. Shida ni kwamba haina pa kugeuzia mgongo."

Nilisimama pale nikifikiri. Nilikuwa nimekaa na kuihesabu ile mistari kama ni makosa ya miguu, kumbe ni mwendo wa heshima. Basi heshima ipewe mahali pake. Nikamjibu kuku: "Mwambie mkwe wake amesikia."

Tulianza upya. Kila kona tulichonga kijisehemu upande wa chini, mchanga ukikazwa kwa mawe, na jiwe kubwa la kukalia linalotazama bahari. Mwanamume akiona mama anakuja, anaingia, anakaa, anampa mgongo kwa raha, na hakuna jani linalokanyagwa. Upande wa njia tukapanda mikadi, yenye majani marefu, iwe pazia. Mawe yalipotuishia, mama mkwe alimtuma kuku tena, safari hii mbele ya wanawake wote kisimani: kila atakayepanda kutoka pwani apande na jiwe moja. Wanawake waliitikia kwa vigelegele. Kuku yule alitiiwa kuliko sekretario.

Watu waliziita baraza za wakwe. Zilifanikiwa hata kupita kiasi. Wanaume waliotumwa kuvuta mashua walikutwa wamekaa humo, na ukiwauliza wanajibu, "Namsubiri mkwe apite."

"Mkwe wako yuko Awasse tangu juzi!"

"Anaweza kurudi."

Miiba iliyobaki tuliiondoa polepole, na chini yake ukoka ulikuwa umeshaanza kufunga ile mistari. Kitabu kilisema kweli hapo: ukiiacha ardhi bila kuikanyaga, inajishona yenyewe.

Kiangazi chote nilikuwa gengeni. Njia haiishi kujengwa. Gogo linaoza, mfereji unajaa mchanga, mbuzi wanahamisha mawe kwa sababu wanazozijua wao. Kila nikirudi nyumbani mke wangu alinyoosha kidole juu, kwenye paa lililotoboka.

"Makuti je?"

"Baada ya korongo."

"Mbingu naziona kutoka hapa kitandani."

"Baada ya korongo, mke wangu. Kwanza tujue kama mama atakuwa na jiko."

Mvua ya kwanza kubwa ilishuka alasiri. Nilijifunika nailoni nikakimbilia gengeni, na mwanyumba alikuwa amekwishafika. Tulisimama kwenye baraza ya juu kabisa tukatazama maji. Yalifika kwenye gogo la kwanza, yakasita, yakageuka pembeni, yakaenda kulala kwenye ukoka. La pili vilevile. Korongo lilipata maji ya kunyesha juu yake tu, yakatiririka kidogo kama birika, na mdomo wake haukula hata kipande cha mchanga. Moshi wa jiko la mama mkwe ulikuwa unatoka kama kawaida.

"Umepona," mwanyumba akasema, akinipiga bega. "Hahami."

Nilirudi nyumbani nikitembea polepole kwenye mvua, kwa sababu nilitaka kuifurahia. Nikakuta vyumba vyote viwili vina maji. Makuti ya kati yalikuwa yamekaa kwenye meza. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, godoro limekunjwa kichwani, kitabu kimefungwa kwenye nailoni kwapani. Alinyoosha kidole, safari hii si juu, bali upande wa gengeni, kwa mama yake.

Kwa mama mkwe tuliwekewa chumba cha nyuma, pazia la kapulana likiwa katikati. Yeye mwenyewe alikaa mlangoni, kama nilivyojua atakaa. Nilisikia mbawa zikipigwa, kisha sauti yake, ya upole kabisa.

"Kuku wangu, mwambie mgeni asihangaike na mlango. Dirisha la nyuma tulilipanua tangu kiangazi. Binti yangu aliniletea kipimo cha mabega."

Asubuhi mvua ilikuwa imetulia. Nilichukua jembe, nikapita dirishani bila kujipinda wala kugusa ukuta upande wowote, nikashuka kuzibua mifereji.